Ramani ya Wayunani Ukutani

Matrah, Maskati
9 Machi 1967

Mpendwa dada yangu Mahbuba,

Assalaam alaykum. Hujambo, na watoto hawajambo? Mguu umepoa, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Huku sote tuwazima, alhamdulillahi, ila miye usingizi umeniruka.

Nianze na lililo moyoni. Kile kitabu cha Wayunani wa kale nilichokuomba, nakusihi usinitumie. Kama umeshakifunga, kifungue ukirudishe kabatini.

Unajua kuwa nnasomesha. Huku skuli ya wasichana hamna, nami siwezi kukaa kitako nnapika tu, baada ya miaka yote ile ya kusomesha Unguja. Basi watoto wa majirani wanakuja asubuhi, baba zao wakishatoka. Mtu akiuliza, huambiwa wanajifunza kushona kofia. Na kofia wanashona kweli, huku wanasikiliza.

Somo walilolipenda ni hilo la Wayunani. Nilipowaambia kuwa nchi yao ni majabali matupu, bahari imeingia kila pahala, hata mtu akitaka kwenda mji wa pili ni rahisi kupanda chombo kuliko kuvuka mlima, walicheka wakasema mwalimu unatusimulia Matrah. Ukawa mchezo. Wao zeituni, sisi tende. Wao mkate wa shayiri, sisi wali na papa. Nyumba zao zina ua katikati kama zetu, wanawake wamo ndani wanafuma sufu, sokoni huenda waume. Kheiria, mtoto wa sonara, akachukua kaa la jikoni akaichora nchi yao kwenye ukuta wetu wa uani, na visiwa vyake vyote.

Nami, ulimi wangu huu, nikawaambia na lililobaki: kuwa kila mji ulijitawala, na waume wa mji walikutana wakaamua mambo yao kwa kutia vijiwe ndani ya mtungi. Kheiria akaenda nalo kisimani. Dada, huku anaamua Sultani peke yake, na watu wanachukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Na sisi tuliokuja kutoka Unguja tunakaa kwa hisani tu. Shemeji yako Aflah akitolewa kazini bandarini, tukaambiwa tuondoke, tutakwenda wapi na watoto? Kwetu, tangu mapinduzi, hakurudiki.

Jana jirani kanambia maneno yale yameshafika nyumbani kwa Marhoon, askari wa lango la mji. Tangu hapo nikisikia kiatu njiani moyo unanipasuka. Ramani sijaifuta, maana nikisugua makaa yanazidi kutapakaa kwenye chokaa. Nnasikia hodi. Naweka kalamu.

Nimerudi. 

Alikuwa Bi Muhsina, mama yake Marhoon. Kaingia na barakoa yake, kakaa mkekani kuelekea ukuta ule ule. Nikamletea halwa, hakugusa. Nikammiminia kahawa, akakipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake, asinywe. Nikamkaribisha tena.  Kahawa ikapoa. Nikasema basi, huyu hataki kunywa cha mtu anayetaka kumchongea, na mwanawe yuko mlangoni. Nikaanza kusema ovyo, ati watoto wamechezea makaa tu, ati miye nnafundisha kofia. Nikainuka nikawa nnaufuta ukuta kwa ncha ya mtandio wangu.

Mama mkwe wangu, Bi Mahfoudha, aliyezaliwa huku kabla ya kuja Unguja kuolewa, akanivuta mkono. Akanambia kwa Kiswahili, mgeni asifahamu: "Kaa chini, mwanangu. Huku mgeni akiweka kahawa asinywe, ana haja. Muulize anataka nini; ukimkubalia ndipo atakunywa, na kumkatalia ni aibu."

Nikamuuliza anataka nini. Bi Muhsina akanyoosha kidole ukutani, akauliza kama pale ndipo walipokaa wale wanawake wa kufuma. Nikamwambia ndipo. Akauliza kama walisomeshwa. Nikamwambia kweli, wengi wao hawakusomeshwa. Akasema: "Nna mjukuu, binti yake Marhoon. Nataka asome kabla hajaolewa. Baba yake hajui, na asijue."

Nimekubali. Ningefanyaje, na kikombe kile kiko chini? Akainywa kahawa yake baridi, akaondoka.

Usidhani khofu imepungua, imezidi. Siku Marhoon akijua kuwa binti yake anakuja kwangu, sitakuwa na la kujitetea. Hata Aflah sijui nitamwambiaje. Na mtoto mwenyewe keshaletwa, barua sijaimaliza. Yuko uani, kakaa mbele ya ramani niliyoifuta nusu, ananiuliza nusu ya pili imekwenda wapi.

Kitabu nitumie, dada. Kichane jalada, kifunge ndani ya khanga, umpe mtu unayemwamini. Maneno yangu ya mwanzo nimeyaacha usome, ujue nnaogopa kiasi gani.

Nisalimie shemeji Thabit na Shangazi Bakhita, na watoto uwabusu. Mungu atufunike kwa sitara yake, wewe, miye, na huyu binti wa Marhoon.

Mdogo wako akupendaye,
Nasriya