Sikuwa Nikitazama Nazi

Mize mke wangu,

Mimi Vuai nina miaka sabini na minane, na anayesema sabini na sita ni muongo, hakuwepo nilipozaliwa. Nshawazika kaka zangu wote. Nshayazika meno yangu, na punda wawili, na ile redio uliyokuwa ukiichukia. Wakwezi wote wa Paje niliokwea nao minazi wamekwisha, wengine kwa kuanguka, wengine kitandani. Mimi sikuanguka hata siku moja, unajua. Wote hao nimewapita nikiwa nimesimama. Wewe ndiye sikutaka kukupita. Nimekupita tu, sikuulizwa.

Nnakwandikia kwa mkono wangu. Haji alisema, "Baba sema, mimi niandike," nikamwambia maneno ya mke wangu hayapiti mkononi mwa mwanawe. Herufi zangu unazijua, zimelala upande kama migomba baada ya mvua. Wewe ulikwenda kisomo cha watu wazima ukamaliza, mimi nilikaa siku mbili nikaondoka kwa kuwa mwalimu alikuwa mtoto. Hizi nilizonazo nilizipata kwako, ukisoma kwa sauti na mimi najifanya nimelala. Basi naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Kazi sina, lakini nachoka. Naamka asubuhi nshachoka.

Tangu uondoke chai anapika mke wa Haji. Haina tangawizi. Na mimi sisemi. Unaona hali yangu? Mimi, nisiseme!

Miezi michache nyuma Haji alikuja kunambia kuhusu mnazi mrefu, ule wa ukingo wa pwani, ulioinamia baharini. Umezeeka, anasema, utamuangukia mtu, bora ukatwe. Zamani ningemfukuza mpaka barabarani. Nikamwambia, kata. Akanitazama, akasema, "Baba unaumwa?" Nikasema nimekwambia kata. Akaenda kuazima msumeno.

Sasa nikupe habari za mke mwenzio, mjukuu wetu Nasra. Ulimuacha chuoni mjini, anakaa Amani kwa mjomba wake, anasomea kuchora. Amemaliza. Akataka kazi ya katuni, picha zinazotembea kama watu. Ipo ofisi moja Mji Mkongwe, ghorofani, wanazitengeneza, na nafasi ilikuwa moja na wanaoitaka wengi. Wakaambiwa kila mmoja alete katuni fupi ya mtu mmoja anayemjua. Mtu huyo asiseme neno. Atambulikane kwa mwendo wake tu, mpaka asiyemjua aone kweli huyu ni mtu, hakuokotwa njiani.

Nasra akakuchagua wewe. Na shida ikawa moja, na shida hiyo umeileta mwenyewe. "Msinitie kwenye simu," kila mtoto akinyanyua simu wewe kanga usoni, "nani wa kunitazama mie humo ndani?" Basi humo ndani haumo. Ipo picha ya kitambulisho, na ipo ya harusi ya Haji umekaa kama sanduku. Mtoto atajua vipi sanduku linatembeaje?

Alikuja siku ya Ijumaa na kompyuta yake, akakaa nami barazani. Kwanza nilimuonya. Nikamwambia Nasra, mke wangu mdogo, kuchora chenye roho si jambo dogo, kesho utaambiwa ukitie roho na roho huna. Akasema, "Najua Babu. Uso sitii. Utaona mwili tu." Nikamwambia haya, nioneshe. Sikukubali, nilichoka kubishana.

Akafungua. Nikaona kizee kimepinda mgongo, kina gunia kichwani, kinajikokota, kop, kop, kama kinahesabu kokoto.

"Nani huyu?"

"Bibi, Babu."

"Huyu bibi wa kila mtu. Bibi yako yuko wapi?"

Mize, macho yalimjaa maji. Wiki ngapi sijui alikuwa juu ya ile kazi, halali, na siku za kuipeleka zimekaribia. Akanambia, "Basi nambie alikuwa akitembeaje. Kila ninayemuuliza ananambia bibi yako alikuwa mwema. Wema siwezi kuuchora!"

Nikafungua mdomo. Mimi Vuai, niliyemshinda sheha kwa maneno mbele ya watu, neno likakosekana. Nikasimama, nikatembea pale uani nimuoneshe. Nasra akacheka na machozi yake bado usoni. "Babu, huyo ni wewe. Kifua mbele kama jogoo."

Nikasema kosa ni la ua. Bibi yako hakuwa mtu wa uani. Kesho maji yanakupwa asubuhi, bamvua, yatakwenda mbali, twende pwani.

Nikatoa kanga yako moja nikajifunga kiunoni, nyengine nikaikunja ngata ya kichwani. Haji akasimama mlangoni, "Baba, watu watakucheka." Nikamwambia walionicheka zamani wote wako makaburini, na hawa nao wangoje zamu yao. Nikaenda mpaka kwenye vigingi vya mwani, ulikokuwa ukilima, nikawaambia wanawake wanijazie gunia, mwani mbichi, unaotiririka maji.

Uh, walivyonifanya! "Babu Vuai, umeolewa lini?" Mwengine, "Mumewe nani jamani, tukampe pole!" Wakapiga vigelegele. Mzungu mmoja anapita na lile tiara lake kubwa linalomvuta juu ya maji, akageuza shingo kunitazama mpaka akatumbukia. Mimi nakwenda tu. Nasra yuko mbele yangu na simu, anarudi kinyumenyume topeni, anapiga kelele, "Mabega Babu! Shusha mabega! Usijisikie!"

Nikashusha. Ilikuwa kazi, nakwambia kweli.

Nilipoyashusha, mwendo ukaja wenyewe. Mguu wa kushoto uliokuwa ukiutupa nje kidogo tangu ulipokanyaga mwiba wa samaki. Gunia unalizuia kwa kifundo cha mkono, vidole unavikunja, kwa kuwa vidole vimechanika kwa kufunga mwani. Kiuno kinatangulia, goti linafuata. Na kila baada ya hatua chache unainua upindo wa kanga usirowe, na kanga yenyewe imesharowa mpaka kifuani. Hilo lilikuwa likinichekesha siku zote. Nililifanya mwenyewe na sikucheka.

Nasra akaishusha simu. "Babu, umeyajuaje haya? Mimi nilikuwa nakuja naye huku utotoni, sikuyaona."

Nikamwambia wewe ulikuwa ubavuni mwake. Wa ubavuni haoni.

Hapa sasa nisikilize vizuri mke wangu. Miaka yote ya ndoa yetu ulikuwa na wimbo mmoja. Ukivaa kanga mpya, "Wewe Vuai hunitazami, unatazama nazi tu." Ukisuka nywele siku ya Idi, hunitazami. Hata kitandani ulipokuwa unaumwa, nakuwekea mto, ukanambia kwa sauti ile ndogo, "Leo umeniona? Nazi zimekwisha?" Nikaunyoosha ule mto. Mwanamme ajibu nini? Kweli siku yangu yote ilikuwa minazini.

Lakini wewe hukupata kukwea, hujui. Ukiwa juu ya ule mnazi mrefu, maji yamekupwa, pwani yote iko chini yako imetandikwa kama mkeka, na wanawake wa mwani wametapakaa, wadogo kama kunguru. Nyuso huzioni. Kanga zote zimekuwa rangi moja ya tope. Kinachoonekana ni mwendo. Mimi sikupata kugusa nazi kabla sijakutafuta. Kila siku. Nakutafuta, nakupata, ule mguu, ule upindo, ndipo nashika panga. Siku nyengine mwenye shamba yuko chini anapiga makelele, "Vuai, umelala huko?" Sikuwa nimelala.

Hayo nilimwambia Nasra pale topeni na gunia kichwani. Sikupata kumwambia mtu mwengine.

Kisha ikabaki ile ya kusimama. Unakumbuka? Baina ya vigingi na nchi kavu ulikuwa unasimama. Mkono kiunoni, kidevu juu, unakaa hivyo kidogo, unaendelea. Kule juu nilikuwa nikidhani unapumzika. Basi nami nilipofika pale nikasimama, nikaweka mkono kiunoni, nikainua kidevu chini ya gunia, kama wewe.

Mize, mbele yangu palikuwa na pwani, na mapaa ya mahoteli, na juu ya yote mnazi mmoja, ule ulioinama, kichwa chake peke yake kwenye mbingu. Mtu mwenye mzigo kichwani akiinua kidevu namna ile hana kitu chengine cha kutazama. Nilijaribu. Macho hayana pengine pa kwenda.

"Babu, endelea," Nasra ananiita. Sikuweza kuendelea.

Mimi ni mtu wa kutazamwa, hilo halina ubishi, hata Jambiani walikuwa wananijua kwa kukwea. Lakini kwa nini hukusema? Au ulikuwa unapumua tu, na mimi nshakuwa mzee, naona ninachokitaka?

Shingo iliniuma wiki nzima. Mgongo mpaka leo. Mzigo ule ulikuwa mzito vile kila siku?

Nilirudi nyumbani nikamkuta Haji anautia mafuta msumeno. Nikamwambia urudishe ulikoutoa. "Baba, si ulisema kata?" Nikasema nilisema, na sasa nasema atakayeugusa mnazi ule nitamkata yeye. Alitazama mbinguni, akasema, "Alhamdulillahi, Baba kapona."

Sikupona. Ila alifurahi, nikamuacha.

Nasra alirudi mjini akachora upya, yote, tangu mwanzo. Nimeiona. Ni fupi, ukipiga chafya imekwisha. Pwani nyeupe, hakuna uso, hakuna sauti. Unakuja na gunia. Mguu ule. Unainua upindo. Unasimama, kidevu juu. Na kabla hujaondoka, kisigino chako kinanyanyuka kidogo, kama mtu anayetaka kuchungulia juu ya ukuta. Nikamwambia hapo umeongeza, mimi sikukuonesha hicho. Akanifungulia ile ya simu, mimi na gunia langu. Kisigino kinanyanyuka. "Umekifanya Babu, hukujijua." Mtoto ana jicho yule. Amelirithi kwangu.

Huko ofisini yuko mama mmoja ndiye mkubwa wao. Aliitazama, akaitazama tena, akauliza, "Anatazama nini huyu bibi?" Nasra akajibu, "Mumewe." Wakampa ile nafasi.

Usidhani amekuwa mkubwa. Kuna katuni ya mbuzi ya watoto. Bingwa wao anachora mbuzi ameinua mguu, kisha anachora mbuzi ameuweka chini, na ya katikati yote, mguu unavyoshuka kidogo kidogo, ni ya Nasra. Kutwa. Macho yamemuwia mekundu. Jioni anakwenda Forodhani, hali kitu, anakaa kwenye ukuta anachora watu wanavyopeleka pweza mdomoni. Juzi kanipigia simu, "Babu nimechoka, mwezi mzima mguu wa mbuzi." Nikamwambia mkwezi huanza na minazi mifupi. Akasema, "Si ulinambia wewe ulianza na mirefu?" Nikakata simu.

Lakini anaendelea. Angekuwa wa kuacha ningejua kwa sauti.

Basi mkono umechoka, na mstari unanipanda juu. Nakuaga mke wangu. Lala, huo mzigo umeshautua, sisi wengine bado tunao. Ahadi yangu ni hii, mnazi ule utabaki pale mpaka Mungu mwenyewe auangushe, na nshamuusia Haji mbele ya watu. Kukwea siwezi tena. Nimeandika mara moja, sirudii. Lakini maji yakipwa nitakuwa nakwenda kukaa pale shinani, nitazame kule ulikokuwa ukisimama.

Na kama huniamini, maana hujapata kuniamini, mashahidi ninao. Nasra yupo na simu yake ipo. Wanawake wa mwani wapo, walioniozesha pale pwani. Na yupo dada yako Pili, uliyekuwa ukienda naye mwani tangu ulipoanza kulimwa hapa, ambaye hajapata kunisifu tangu siku ya posa. Macho yake yameingia ukungu, unajua, mlango anaupapasa. Nasra alipoileta picha hapa kabla ya kuipeleka ofisini, tulimkalisha Pili mbele ya kompyuta kwa adabu tu, tukijua haoni kitu. Kikapita kivuli chako kwenye ule weupe. Ulipofika pale pa kusimama, Pili akanyoosha mkono, akasema kwa kukasirika, kama mtu anayecheleweshwa njiani:

"Mize nawe! Twende bwana, mumeo keshakuona."

Hilo sikumwambia. Nasra kaapa hakumwambia. Tumemuuliza amelipata wapi, akasema wewe ulimwambia siku nyingi, kuwa pale unasimama mpaka mumeo akuone, na kila siku alikuwa akikuvuta kanga mwende.

Shahidi wangu basi ni Pili, dada yako wa tumbo moja. Haoni, na hanipendi. Muulize yeye.

Mumeo,
Vuai