Pazia Zikae Zimefungwa

Okemwa na Joyline,

Uji uko kwa chupa ya chai, ndizi nimechemsha. Watoto waacheni walale. Na pazia zote zinazoangalia bahari zikae zimefungwa mpaka ~~saa mbili~~ saa tatu. Ndiyo, najua nyumba hii mliichagua kwa sababu ya hayo madirisha.

Baba yenu yuko majini.

Siku tatu amekaa barazani na koti lake la kanisa, akisema bahari inatosha kuangaliwa. Mimi nikadhani anaogopa mawimbi. Asubuhi hii nimemkuta kitandani, suruali ameshaikunja. Akaniambia, "Mama Okemwa, kesho tunarudi Nyaramba na sijagusa haya maji. Lakini nitavuaje shati mbele ya mke wa mwanangu?"

Kumbe ni chinsoni, ile heshima yetu! Baba mkwe haogi mahali pamoja na mkaza mwana, hata kama mahali penyewe ni bahari nzima.

Joyline, usijilaumu, hujakosa kitu. Na lile vazi lako la kuogelea ni zuri. Nitafutie kama hilo.

Nimerudi kuchukua taulo tu. Nimemwacha anaonja wimbi baada ya wimbi, kama kwamba moja litakosa chumvi.

Mkisikia mtu anacheka huko nje, msichungulie. Kicheko hicho, Okemwa, mara ya mwisho nilikisikia siku uliyozaliwa.

Mkisikia wawili wanacheka, msichungulie kabisa.

Mama