Majina Ndani ya Kofia

Jumapili, 4 Septemba 1960

Mkaguzi anakuja Alhamisi! Mwalimu Mkuu Nassor katuambia wakati wa chai nyumbani kwake, kama mtu anayetaja bei ya muhogo. Bwana Kificho, kutoka Wete. Hataliuliza darasa zima. Atachagua wasichana watano, na kwa hao watano ataamua kama hapa Mtambile tufunguliwe darasa la tano la wasichana. Wakishindwa, wanangu wote wanaishia la nne, nyumbani, basi.

Sasa, anachaguaje?

Jumatatu, 5 Septemba

Mkaguzi aliyepita aliuliza waliokaa mbele tu. Mvivu, Mungu ampe heri. Kwa hiyo leo nimewapanga upya: Mwanamize, Bimkubwa na wenzao wenye vichwa mbele, Tatu nyuma kabisa. Tatu mtoto mwema, lakini ukimsimamisha hunyamaza mpaka wewe mwenyewe usahau swali. Darasa langu sasa ni gunia la karafuu la mjomba — nzuri juu, vijiti vya makonyo chini. Nimejicheka.

Jumanne, 6 Septemba

Balaa. Mize, shoga yangu anayefundisha Makangale, kanitumia salamu kwa dereva wa basi. Kwao Kificho hakutazama madawati hata kidogo. Alifungua rejista, akawa anahesabu, na kila wa sita akamsimamisha. Haya! Jioni nzima niko na rejista, kidole kinatembea. Akianzia wa kwanza, anamwangukia Tatu. Akianzia wa pili, nasalimika. Ataanzia wapi? Mama kaniuliza ni uradi gani huo wa namba ninaousoma.

Jumatano, 7 Septemba

Kumbe shule nyingine aliwagawa kwanza, watoto wa wakulima huku, wa wavuvi kule, akatoa kidogo kila upande. Na mimi mtoto wa mvuvi ninaye mmoja tu — Tatu! Kila njia inafika kwa Tatu.

Baada ya masomo nimemwita, nimemwambia kesho asije. Kaniuliza, "Naumwa, mwalimu?" Nimesema kidogo. Kaitikia, kenda zake.

Usiku Mama alikuwa anaonja mchuzi, nami namlalamikia Kificho na njia zake. Kasema nahangaika bure, anayejua kuonja hukoroga kwanza. Nimekasirika. Mimi nimeshamtoa Tatu chunguni. Naona haya.

Alhamisi, 8 Septemba, shuleni

Naandika haraka, Bwana Kificho na Mwalimu Mkuu wamekwenda kuswali Adhuhuri.

Hakutazama mbele. Rejista hakuhesabu. Wakulima, wavuvi — hata hakutaja! Mwalimu Mkuu kaandika majina yote kwenye vijikaratasi, vikakunjwa, vikatiwa ndani ya kofia ya Bwana Kificho, ikatikiswa. "Leo kila mtoto ana nafasi sawa, Bi Moza," mkaguzi kaniambia. Nikatabasamu kama mjinga.

Katoka Mwanamize, alhamdulillahi, kajibu yote. Watatu waliofuata wakajikaza. Kikaratasi cha tano: Tatu.

Nikasema anaumwa. Homa, nikaongeza, na nani kaniuliza? Nikashauri tutoe jina jingine. Kakataa kwa upole. Aliyetoka ndiye, tukianza kubadilisha, kofia ya nini? Kamtuma Bimkubwa akamwite. Kama hajiwezi, kasema, atakwenda yeye mwenyewe kumjulia hali.

Ya Rabi.

Bimkubwa huyo anarudi. Na Tatu mbele yake, mbio! Homa gani hiyo? Kavaa gauni lake la Idi. Kaja moja kwa moja kwangu, anahema.

"Jina langu ndilo lililotoka, mwalimu? Langu mie?"

Nimesema lako. Kacheka. Mwaka mzima sijapata kuyaona meno ya mtoto huyu, na leo nimeyaona, nikataka kulia.

Wanatoka msikitini. Bwana Kificho anavuka uwanja, kofia kichwani, na sijui bado nitasema nini juu ya homa. Tatu hakwenda nyuma. Kaketi dawati la mbele kabisa, kakunja mikono, anasubiri kuulizwa.