Njiwa wa Kabange

Jumapili, jioni. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka. Joto limekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga. Nimefagia ua, nimekaa, nimesimama, nimefagia tena. Zamani masista walinifundisha kuandika, wakasema kuandika kunatuliza moyo. Aka! Wangu leo hautulii.

Ni mambo ya Kabange, mtoto wa dada yangu, ambaye naishi naye nyumbani kwao hapa kambini kwa wafanyakazi wa reli. Shemeji, baba yake, ameapa: akisikia tena mtoto ameonekana kwenye reli, atampandisha treni ya kwenda kaskazini, kwa nkambo yake, yaani bibi yake, na atakaa huko huko mukini, kijijini. Shemeji si mtu wa maneno mawili. Yeye mwenyewe kazi yake ni kuunganisha mabehewa, ameona kwa macho yake behewa linavyomfanya mtu. Tena muzungu wake wa kazi ameshamkalipia juu ya huyo mtoto. Dada yangu chakula hakipiti, ananitazama mimi tu. "Weye njo unamuweza, si mwingine," ananiambia.

Namuweza wapi!

Tangu Kyungu atutoke, Kabange hashikiki. Walikuwa mapasa, Kyungu alizaliwa wa kwanza na Kabange nyuma yake, wamefanana hata mimi nilikuwa nakosea. Surua ilimchukua Kyungu wakati wa baridi. Sasa kwetu Baluba, cha mapasa ni viwili. Ukimpa mmoja kitambaa, na mwenzake umpe. Hata mmoja akiwa hayupo tena, fungu lake linawekwa pale pale, na jina lake linatajwa. Shemeji alikataa. Alisema hapa ni Elisabethville, sisi ni watu wa kubatizwa, mambo hayo tuliyaacha mukini. Dada yangu akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Jina la Kyungu likatoka ndani ya nyumba hii.

Mimi nikasema, mtoto huyu anakosa kitu cha kushughulisha mikono na moyo. Nikaanza kumtafutia. Nikampeleka kwenye mpira wa parokia. Wakamweka golini, na katikati ya mchezo akaondoka, akaenda zake, mabao yakaingia kama watu wanaoingia misa. Nikamwombea nafasi kwenye fanfare, bendi ya vijana. Alipiga ngoma vizuri kabisa, mwalimu akamsifu, na mazoezi yaliyofuata hakutokea. Nikamletea waya. Akaunda gari lenye usukani mrefu na magurudumu ya makopo, watoto wa kambi nzima wakaja kulishangaa. Kesho yake akalikanyaga mpaka likawa chapati.

Nilimpiga siku ile. Nilimpiga kwa hasira yangu, si kwa kosa lake, na bado inaniuma.

Ndipo nikaleta njiwa. Baba Anselme, fundi viatu anayekaa ng'ambo ya reli, anafuga njiwa. Nilimfulia mablanketi, akanipa dume mmoja, mweupe, mwenye doa shingoni. Kabange akamshika kwa mikono miwili na akacheka! Dada yangu alitoka jikoni kuja kuona. Hata shemeji alitafuta mbao akagonga kisanduku. Mimi nikajisifu mbele ya majirani kwamba nimempatia mtoto kazi yake.

Njiwa hakukaa. Alitoroka, na Kabange akatoroka nyuma yake, watu wakamkuta mtoto kwenye reli. Akapigwa mkanda, njiwa akarudishwa. Akatoroka tena, na Kabange tena. Hapo ndipo shemeji alipokula kile kiapo chake.

Leo tulipotoka misa njiwa hakuwepo kisandukuni, na mtoto hakuwepo. Nikakimbia na viatu vyangu vya misa. Nikamwona kwa mbali amefika kwenye reli. Akasimama. Akatazama huku, akatazama huku, kama baba yake alivyomfundisha, ndipo akavuka. Kumbe hachezi pale. Anapita tu.

Nilimkuta uani kwa Baba Anselme, ameketi chini, anaangalia paa. Njiwa wake alikuwa juu, amebanana na jike. Nikaanza kufoka: "Weye Kabange, unataka baba yako anipandishe na miye treni?"

Hakugeuka.

"Mama mudogo, huyu iko na mwenzake huku. Munamuleta kwetu peke yake, atakaa namna gani?" Halafu akasema polepole: "Na miye, kila kitu munanipatia kimoja. Ya Kyungu iko wapi?"

Mimi, Muluba mtoto wa Muluba, nimempa mtoto wa mapasa njiwa mmoja! Nilijua. Nilimwogopa shemeji, nikajifanya sijui.

Baba Anselme yeye alipiga makofi kwa kushangaa. Yeye ni Mubemba, na Babemba wakipata nafasi ya kututania hawaiachi. "Ee mama! Mutoto wa mapasa unamupa kimoja? Ninyi Baluba mumekuwa bazungu sasa!" Lakini alipanda mwenyewe akamkamata yule jike, akamtia kwenye kikapu pamoja na dume. Tukavuka reli tumeshikana mikono.

Shemeji alirudi kutoka zamu yake alasiri. Akainama kwenye kisanduku.

"Ile ingine ya nani?"

Nilifungua mdomo kudanganya, niseme ya jirani. Kabange akaniwahi.

"Ya Kyungu."

Dada yangu aliacha kukoroga bukari, ugali wetu. Shemeji alisimama na kofia mkononi. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, nami nikajua amefuata mkanda, nikasogea karibu na mtoto nipokee mimi viboko.

Akarudi na msumeno.

Alipiga magoti, akaanza kukata mlango wa pili kwenye kile kisanduku. Yeye ambaye mikono yake inaunganisha mabehewa alikata vibaya, ubao ukapasuka pembeni. Kabange akamshikia.

"Kyungu alikuwa analala upande gani?" shemeji akauliza, bila kuinua uso.

"Ya ukuta."

"Bon, sawa. Huu wa ukuta njo wake."

Nimeingia ndani kuandika kwa sababu sijui niweke wapi mikono yangu. Wako nje bado, baba na mwana, na matone ya kwanza ya mvua yanaanza. Treni hakuitaja, nami simuulizi. Kesho kutakucha, na Kabange ataamkia hapa.