Kutoka Chumba cha Ndani Hadi Ukumbini

Kilwa Kivinje,
2 Novemba 1953

Kwa shemeji yangu mpendwa Salumu bin Kondo, Mombasa.

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute u mzima, wewe na Bi Biasha na watoto, na mguu wako usiwe unakusumbua. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Kiharusi kilinipiga mwezi wa Rajabu nikitawadha, upande wa kulia wote ukalala.

Nimeuguzwa kwa ada yetu. Nililazwa chumba cha ndani, pazia likashushwa upepo usinifikie, nikakandwa kwa mafuta ya ufuta, nikanywa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Siku arobaini sikukanyaga chini. Wageni hawakukatika. Jirani yetu Tawakali alinitania kwamba baraza la liwali sasa litapumua, mimi karani wake nimenyamazishwa.

Ndipo nilipokumbuka barua zako za mwaka arobaini na sita, ulipopigwa wewe. Ulilalamika kwamba katika hospitali ya huko Kenya hakuna aliyekaa nawe kuzungumza, na chakula kilikuja kimepoa. Lakini siku ya kumi dresa, msaidizi wa daktari, alikushusha kitandani, akafunga kamba mbili ukutani, akakuamuru utembee katikati huku ukimtukana. Ulifinya donge la kitambaa mpaka vidole vikafunguka. Mwezi wa tano ukaenda msikitini kwa miguu yako.

Nikamwagiza mpwa wako Mwahija azitoe sandukuni, tufuate mambo yale. Sasa najikokota hatua thelathini hadi ukumbini. Lakini Mwahija alizisoma zote.

Shemeji, dada yako Mastura, aliyepigwa miezi michache baada yako, hakukataa kuja kwako. Mimi ndiye niliyekuandikia hivyo. Barua yako ya kumwita sikumsomea. Niliona haya abebwe kwa machela mbele ya watu wa forodhani, mdomo umekwenda upande, mate yakimtoka. Tena niliogopa kwamba akipona kwenu hatarudi kwangu. Nikajiambia kwamba pale kitandani hakosi kitu. Miaka miwili aliitazama dari ninayoitazama mimi sasa, mpaka Mungu akamchukua.

 Siku ya tatu baada ya kuzisoma, Mwahija akinishika kwapani kuniinua, akasema, “Baba, mama alikuwa akiniuliza kila siku, kaka yangu Salumu hajaandika?”  Bado ananiinua kila asubuhi.

Namkumbuka mno Mastura, Salumu. Nikifika ukumbini huwaza angefika yeye, akakaa kuchambua mchele na kunikosoa nilivyovaa kanzu. Kwa hatua zile thelathini angeweza kufika. Nguvu zake zilikuwa nyingi kuliko zangu.

Siku zangu si nyingi. Naomba radhi yako. Yake sijui nitaiombaje. Ukiona vigumu kunisamehe, usinijibu, sitakulaumu. Ila msomee Yasini ukijua kwamba alikungoja.

Nisalimie Bi Biasha na wote wanaonikumbuka. Mwahija anakuamkia shikamoo. Yeye ndiye atakayeipeleka barua hii posta. Nimemwachia bahasha wazi, aisome kwanza, kisha aifunge mwenyewe.

Shemeji yako,
Mfaume