Mlevi Mkuu wa Walthamstow

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Daktari amesema ukweli leo, kwa upole. Moyo umechoka. Hakuna cha kufanya tena ila vidonge na kupumzika. Sikushtuka. Kwa umri wangu, ningeshtuka vipi?

Kilichonishtua ni Placida. Tuko kwenye basi tunarudi nyumbani, ananiambia: Baba, Jumapili utatoa ushuhuda kanisani, nimeshamwambia Mchungaji. Ueleze jinsi Mungu alivyokutoa kwenye pombe, ili uende ukiwa mwepesi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mwanangu wa pekee. Nikaitikia kwa kichwa — mwoga mimi!

Pombe gani?

Jumanne, 5 Novemba

Fataki za Waingereza tangu jioni ianze. Kusoma siwezi. Basi niandike.

Mambo yalianzia wodini, mwezi wa nne, nilipolazwa kwa ajili ya moyo. Placida ni nesi hospitali ile ile. Alikuja kuniona akiwa bado na yunifomu, akawakuta wenzangu wa pub ya kona, baa ya mtaa wetu hapa Walthamstow, wamezunguka kitanda: rafiki yangu Avtar, Singasinga wa Nakuru, na wazee wawili wa Kiingereza. Wananitania. Huyu hapa, mlevi mkuu wa Walthamstow! Ana “hollow legs” huyu, miguu mitupu ndani, bia yote inateremkia huko! Tangu alazwe mapipa hayaishi! Na “swift half” yake, ile nusu glasi ya haraka, bado inamngoja kaunta. Nilicheka mpaka mashine ya moyo ikapiga kelele.

Placida hakucheka. Kwetu nani husimama kitandani kwa mgonjwa, mbele ya mtoto wake, amwite mlevi kama si kweli? Hajui desturi ya pale. Mrefu wao wanamwita Kafupi. Anayekunywa kidogo kuliko wote ndiye mlevi. Mimi nusu glasi inanitosha mchana mzima. Wanasema naiuguza kama mgonjwa.

Ningeweza kumweleza siku ile ile. Sikumweleza.

Jumatano, 6 Novemba

Mchungaji Elinaja amekuja kuniandaa. Kijana mzuri, suti safi, shikamoo ya adabu. Kumbe ushuhuda nao una mazoezi!

Akauliza: Mzee Evodius, ulikuwa unampiga marehemu mama? Hapana. Ulikuwa unalala nje? Hapana. Pombe ilikufukuzisha kazi? Nilistaafu ualimu Bukoba kwa hotuba na saa ya ukutani.

Akakuna kichwa. Mzee, ushuhuda lazima uwe na shimo, watu waone umetolewa wapi. Nilimwonea huruma kwa kweli. Mwishowe akapata sentensi yake: niseme pombe ilinitenga na mwanangu. Placida alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Akasema amina.

Pombe ilinitenga na mwanangu! Sina pengine pa kuyasema haya, nayasema hapa. Mama yake alipofariki, Placida alichukua shifti za usiku, na za wikendi juu yake. Najua kwa nini. Hakutaka kukiona kile kiti kitupu. Lakini nyumbani tulibaki mimi na friji. Siku nzima ilipita sijaitwa jina. Nikawa naenda sokoni kutazama watu tu, hata sinunui, mpaka mvua ikanisukuma ndani ya pub. Avtar akasikia ninavyoagiza, akageuka: Mzee, umetoka wapi wewe? Kwa Kiswahili! Nilitaka kulia pale kaunta.

Nikisema kweli Jumapili, namwambia mwanangu mbele ya kanisa zima kwamba aliniacha peke yangu. Halafu nakufa, na yeye anabaki na neno hilo. Nikisema uongo, nawakana walioniokota.

Heri aendelee kuniona mlevi. Kosa la mlevi ni lake mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyofikiri miezi yote hii. Leo sina uhakika.

Alhamisi, 7 Novemba

Avtar! Amekuja mwenyewe na fimbo yake, kilemba cha zambarau, anahema kwa sababu ya ngazi. Mwalimu, umetutoroka, na “wallop” inakungoja! Yaani bia — kipigo, ndivyo wanavyoiita. Tukaanza ubishi wetu wa siku zote. Anasema “wobbly pop” haina Kiswahili. Nikamwambia, soda ya kuyumbayumba. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Placida akatoka jikoni. Mzee Avtar, naomba usimtajie baba pombe. Ameokoka.

Avtar akamkodolea macho. Pombe? Huyu? Mama, huyu baba yako ni aibu ya pub yetu! Nusu glasi, kutoka saa saba mpaka saa kumi. Inakuwa moto kama uji. Akienda, inabidi mimi nimalizie.

Placida akasimama na kitambaa mkononi. Sasa kama hanywi, alikuwa anafuata nini huko?

Avtar akafungua mdomo. Akanitazama. Muulize yeye, mama, akasema, akaanza kutafuta koti lake.

Ijumaa, 8 Novemba

Placida hajauliza. Ametoka kazini, akasimama mlangoni pangu akiwa bado na koti lake. Nikajifanya nimelala. Mzee mzima!

Kifua kizito.

Jumamosi, 9 Novemba

Placida ameomba ruhusa kazini. Hajawahi. Baada ya chai akaleta beseni na mkasi, akaanza kunikata kucha. Hajaniangalia. Baba, mlikuwa mnaongea nini huko?

Nikamwambia. Maneno tu. Kwamba bia wanaiita “pig's ear”, sikio la nguruwe, kwa ajili tu ya vina na “beer”. Kwamba ujasiri anaoupata mtu akilewa wanauita wa Kiholanzi, wanawasingizia Waholanzi. Nikamwambia na ile soda yangu. Akacheka! Kicheko cha mama yake, kinachoanzia puani. Tangu msiba nilikuwa sijakisikia nyumba hii.

Akamaliza kidole gumba. Akasema polepole: Ni miaka ile ya shifti za usiku, siyo?

Nikaanza kusema kwamba kila mtu alikuwa na uchungu wake. Akanikatiza. Usinijibu kama unavyomjibu Mchungaji, baba.

Simu ikalia. Mchungaji huyo. Ameipokea koridoni, nami nimevuta kalamu, naandika haraka. Namsikia. Asifiwe, Mchungaji. Ndiyo, anaendelea. Hapana, kuhusu kesho usiliweke bado jina lake kwenye ratiba. Kuna jambo anataka kuniambia mimi.

Sijasema nataka!

Amekata simu. Anarudi. Mkono wa kushoto bado kucha zake. Anavuta kiti karibu zaidi kuliko pale mwanzo, ananiambia, baba, weka kalamu chini