Usimnunulie Limi Watazamaji

Mpendwa Bibi Klara,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na unikaripie kama ni lazima, maana nimejikaripia mwenyewe na haikusaidia. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa hapa Mwadui kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, na nakuandikia nikiwa na mdogo mgongoni kwa sababu nikimshusha tu analia, kwa hiyo mwandiko ukipinda uniwie radhi. Sikusoma sana, niliishia darasa la nne misheni, lakini gazeti likifika majibu yako nayasoma kwanza, na yule bwana aliyemkataza mkewe kuimba kanisani ulivyomjibu nilicheka mpaka maziwa yakachemka yakamwagika. Leo ni zamu yangu na sicheki.

Shida yangu ni huyu mkubwa, Limi, yuko darasa la pili. Ni mtoto mwema, ana akili, wimbo akiusikia mara moja ameushika wote na maneno yake, lakini kukimbia hataki, kuruka kamba hataki, wenzake wakicheza yeye anawashikia nguo zao kama mama mkwe. Mimi kwetu nilikua nafuata maji mbali na kuni mbali zaidi, michezo tulikuwa tunaiokota njiani, lakini hapa bomba liko karibu na mlango na mahindi yanasagwa mashineni, mtoto akiamua kukaa hakuna kitu cha kumwinua. Nilidhani ni ugonjwa nikampeleka dispensari, maana akipanda kilima kidogo tu anahema, daktari akamsikiliza kifua, akamtazama macho na ulimi, akaniambia, "Mama, huyu hana kitu. Mpeleke akacheze." Kana kwamba nilikuwa nimemfunga kamba.

Sasa nikueleze ilivyoanza kuharibika. Wewe unajua ngoma zetu Wasukuma, lakini wasomaji wa pwani huenda hawajui, kwamba baada ya mavuno Wagika na Wagalu wanacheza uwanja mmoja, saa ile ile, kila kundi na ngoma zake, na hakuna hakimu wa kusema nani kashinda. Watazamaji ndio hakimu. Upande unaopendeza watu wanaukimbilia, na upande uliobaki na vumbi lake umeshindwa. Basi watoto wa hapa nao wana mashindano yao nyuma ya nyumba, wanapiga debe badala ya ngoma, na siku moja Limi nilimbembeleza mpaka akakubali kuingia. Upande wa pili alikuwa Paskalina, mtoto wa jirani yangu, ambaye miguu yake ni ya swala na aibu hajazaliwa nayo. Limi wangu akaanza vizuri tu, anainama, anatikisa bega polepole, na watoto wako kwake. Paskalina akaona anashindwa, akaingia nyumbani kwao akatoka na mjusi mkubwa amemfunga uzi shingoni, akamweka kichwani, akacheza naye. Bibi Klara, uwanja ulihama! Watoto walikimbia wote, hata aliyekuwa anampigia Limi debe alikwenda na debe lake. Limi akabaki ameinama vile vile, hakujua ainuke vipi.

Tangu hapo akasema miguu inauma.

Na hapa ndipo nilipofanya jambo langu. Niliona uchungu, na uchungu wa mama hauna macho. Nilikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, mama yangu alinitumia kikapu kizima. Nikamwita Bujiku, ndiye mkubwa wa watoto wa mtaa wetu, nikamwambia, "Wewe na wenzako leo jioni mkae upande wa Limi, mpige makofi, msiondoke hata akija mtu na simba." Akaniuliza, "Tutapata nini, mayu?" yaani mama. Nikampa matobolwa. Wakaja kweli, wakamzunguka, wanashangilia huku wanatafuna, na Limi akacheza. Alicheza, Bibi Klara! Jasho likamtoka, akacheka, usiku akala ugali kama mchimbaji aliyetoka zamu. Kesho yake nikawapa tena, na kesho yake tena, na mimi nasimama mlangoni na mtoto mgongoni machozi yananitoka kwa furaha, nikajiona mimi ni mama mwerevu kuliko wote Shinyanga nzima.

Halafu jioni moja Bujiku akapaza sauti mbele ya wote, Limi akiwa ameshajifunga kitenge kiunoni, "Mama Limi! Leo matobolwa yapo? Kama hayapo sisi tunakwenda kwa Paskalina."

Limi alifungua kile kitenge, akakikunja vizuri, akaingia ndani. Hakulia. Nilimfuata nikaanza kujieleza, eti nilitaka afurahi, eti watoto walikuwa na njaa, akanitazama akasema, "Mama, usininunulie watu." Basi. Akachukua maharage akaanza kuchambua. Mimi mtu mzima, nikuambie kweli, pamoja na aibu yangu yote nilimheshimu, nikawaza huyu mtoto maneno haya ameyatoa wapi.

Sasa hatoki kabisa. Akitoka shule anakaa mlangoni. Jambo moja tu ndilo lililonipa moyo kidogo. Nilikuwa natwanga mpunga na Mama Paskalina, tunapokezana michi kwenye kinu kimoja, mwenzangu akachoka akaenda kunywa maji, na Limi bila kuambiwa akainuka akashika mchi akapokea, pu, pu, pu, hakukosea hata mara moja, mpaka akaanza kuimba. Nilifurahi mno nikaita, "Mama Paskalina, njoo umwone Limi!" Limi akauweka mchi chini akarudi mlangoni. Tangu siku ile hajaugusa.

Baba yake, Jilala, ni mtu mwema lakini ujanani alikuwa mchezaji wa kutajwa katika Wagika, na jambo hili linamuuma kuliko jino. Anasema, "Mtoto wa Jilala anakaa kama mtungi? Mimi nikitikisa bega watu walikuwa wanaacha pombe yao wanakuja!" Nikamwambia, "Baba Limi, hayo yalikuwa mabega yako." Akasema akipata likizo anampeleka kwa mama yake Ushetu, akalime, akachote maji, huko atakimbia tu. Nikamwuliza, "Na shule?" Akasema shule haina miguu, haitakimbia. Bibi yake ni mtu mzuri, simsemi vibaya, lakini pale kijijini shule iko mbali sana na Limi akienda najua hatarudi darasani, na tena atajua tumemfukuza kwa kosa la miguu yake. Likizo iko karibu. Nimwache aende? Na kama akibaki, nifanye nini apende kuchezesha mwili wake, mimi ambaye nimeshamharibia kwa viazi?

Wako mchovu,
Mama Limi, Mwadui


MAJIBU YA BIBI KLARA

Marahaba, Mama Limi. Mshushe mtoto mgongoni, mwache alie kidogo, usome vizuri.

Kwanza, habari ya mjusi. Mimi ni mwanamke mzima mwenye wajukuu, na ningekuwepo siku ile ningekimbilia mjusi. Kila mtu angekimbilia mjusi. Wachezaji wakubwa wenye sifa wilaya nzima wamewahi kuachwa uwanjani na watu kwa sababu wenzao wamekuja na chatu, na wamekwenda nyumbani wakala wakalala. Tofauti ni kwamba wao wamezoea, na Limi ilikuwa siku yake ya kwanza. Hakuna aliyemwambia kwamba wale watoto walimkimbilia mjusi, hawakumkimbia yeye. Mwambie wewe. Mwambie mara moja, bila kuzungusha.

Pili, matobolwa yako. Hapo nakukaripia kama ulivyoomba. Mama, katika ngoma zenu mtazamaji akisimama kwako amekupa kitu ambacho hakiuzwi, ndiyo maana wanaume wazima wanakitafuta mwaka mzima kwa dawa na mazoezi. Wewe ukakinunua kwa viazi vikavu! Mtoto wako alipocheza zile jioni chache alikuwa na furaha ya kweli, na ukweli ulipotoka akaona furaha yenyewe ilikuwa ya uongo. Kwa hiyo amerudi nyuma kuliko alipokuwa. Najua ulifanya kwa mapenzi. Mtu anayemfunika mtoto mablanketi kumi wakati wa homa naye anafanya kwa mapenzi.

Lakini sasa nisikilize, maana nina jambo la kukusifia, na si dogo. Mtoto wa darasa la pili aliyekunja kitenge chake vizuri, akaingia ndani na kusema "usininunulie watu," huyo si mtoto mzembe wala mwoga. Nimeisoma sentensi hiyo nikaweka barua yako chini, nikamwita mume wangu nikamsomea, naye akavua kofia. Kuna wakubwa wenye magari ambao hawajawahi kukataa shangwe za kununuliwa. Huyo ni wako, umemzaa wewe, na heshima aliyo nayo ameipata kwa mtu fulani nyumbani humo. Na wewe nawe ulipoambiwa hivyo hukumpiga wala hukumwita mjeuri. Ulimheshimu. Mama wangapi wangefanya hivyo, tena wakiwa wamechoka?

Ila masikio yako yana kutu. Umeniandikia dawa ya mtoto wako mwenyewe katika mistari michache, kisha ukaipita ukaenda kwenye habari za mume. Limi alishika mchi bila kuambiwa, akapokea mapigo, akatwanga mpaka akaimba. Miguu haikuuma. Kifua hakikuhema. Mtoto anayeshika wimbo mara moja, mwili wake unafuata mapigo, unataka wa kupokezana naye, hautaki wa kuutazama. Na wewe ulifanya nini? Uliita watu! Mama Limi, mtoto ametoka kukuambia hataki watazamaji, nawe ukamletea mtazamaji hadi kwenye kinu.

Basi fanya hivi. Muombe radhi kwa ajili ya viazi, kwa maneno mafupi, usimlazimishe akujibu. Kesho weka mpunga kinuni uanze kutwanga peke yako, na mchi wa pili uwe umeegemea pale karibu. Usimwite. Akija, pokezaneni, na mdomo wako ufanye kazi ya kuimba tu. Hakuna "hongera," hakuna "umeona unavyoweza." Asipokuja, twanga umalize, na siku inayofuata utwange tena. Mtoto wa namna hii anakuja mwenyewe kama paka.

Lakini usinielewe vibaya ukadhani nasema umwachie mlango awe mlinzi wake. Kukaa kutwa nzima hapana. Kwenda na kurudi shule ni kwa miguu na kwa mwendo wa haraka. Kuni, mwende wote wawili, uchague njia ndefu na mwimbe njiani, na mahali pasipo na watu wewe mwenyewe kimbia kidogo na khanga yako na mtoto mgongoni, uteleze, ucheke. Akuone mtu mzima anachezesha mwili vibaya na hafi kwa aibu. Kazi ya miguu iwe ya kila siku kama ugali, isiwe adhabu na isiwe maonyesho. Akitaka kwenda kutazama ngoma za wakubwa na kuimba tu, aende aimbe. Kundi la ngoma halina wachezaji tu, lina waimbaji pia, na mwimbaji mzuri naye anatokwa jasho.

Na Paskalina usimfanye adui. Msichana aliyewaza mjusi kwa haraka hivyo ana akili, na siku moja hao wawili watakuwa upande mmoja, kisha wote wa mtaa wenu mtakoma.

Sasa wewe, Jilala. Najua barua hii utasomewa au utaisoma mwenyewe, kwa hiyo nasema nawe uso kwa uso. Sifa zako nimezisikia na ninazikubali, pombe iliachwa kwa ajili ya mabega yako. Lakini ulipoanza kucheza ulikuwa unakimbilia ngoma kwa sababu unaipenda, hukupelekwa Ushetu. Ukimpeleka binti yako kwa bibi yake kwa kosa la kukaa, utamfundisha kwamba shamba ni jela na bibi yake ni askari, na shule aliyoianza utaivunja kwa mikono yako. Limi anabaki. Nasema anabaki. Likizo ikifika nendeni wote Ushetu kumsalimu mama yako, mlime naye, mle, mrudi wote pamoja kabla shule haijafunguliwa. Na jioni zako ukitoka zamu, chukua debe ukae uani, ulipige taratibu kwa ajili yako mwenyewe, ukiwa umeupa mlango mgongo. Hiyo ndiyo kazi ninayokupa, na kwa mtu mwenye sifa zako ni ngumu kuliko kuchimba, kwa sababu Limi akitoka hutageuka kumtazama.

Mama Limi, haitakuwa wiki hii, huenda wala mwezi huu. Lakini iko jioni utakayosikia vishindo vya miguu huko nje, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, na moyo wako utakuambia toka ukaone. Usitoke. Endelea kusonga ugali.